Jiwe Lililosema Machi

Dada yangu anapanga tarehe. Ndiyo kazi yake, na anayeona ni kazi ya kuchekwa aje siku moja asimame pale anaposimama yeye, kwenye kiwanda cha maziwa, buti za mpira zimeloa hadi ndani, mashine zinampigia kelele utosini, ageuze vile vigurudumu vidogo vya namba kwa ncha ya pini kabla mkanda haujaanza kutembea. Siku, mwezi, mwaka. Kigurudumu kimoja kikikaa vibaya, pakiti za kutwa nzima zinarudishwa, na aliyepanga anaitwa ofisini na kofia yake ya nailoni kichwani. Wenzake kazini wanamwita Muhuri. Nami nitamwita hivyo hivyo, maana jina lake lilishatafunwa vya kutosha na midomo isiyopigwa mswaki.

Mimi ni mdogo wake. Ni msusi, nina chumba kimoja chenye kioo kirefu, viti vitatu na redio mbovu, na nina mdomo. Hilo wateja wangu watakwambia. Hasira yangu ni ya moto wa karatasi, inawaka na kuzimika kabla sijamaliza kichwa kimoja. Ya Muhuri ni ya makaa chini ya jivu. Unaweza kushinda naye siku nzima usijue kuna moto, mpaka ukanyage.

Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, mtu wa kicheko, akija nyumbani halali siku nyingi ameondoka tena. Mwezi wa tano mwishoni alikaa wiki nzima kwa sababu gari liliharibika, na katika wiki hiyo Muhuri akapata mimba. Alimwambia mumewe peke yake. Wakwe hawakuambiwa, kwa kuwa mimba mbili za kabla yake zilikuwa zimeharibika, na dada aliapa kwamba hii haitatangazwa mpaka ijitangaze yenyewe. Aliificha chini ya koti la kiwanda, ambalo lingeweza kuficha ndama.

Kisha mumewe akaugua njiani. Wakamshusha kwenye mji anakoishi dada yake, yaani wifi yake Muhuri, akalazwa hospitali ya huko. Muhuri aliomba ruhusa aende, akaambiwa amalizie wiki kwanza. Tarehe tatu Novemba asubuhi alikuwa amekwisha kupanga vigurudumu vyake na mkanda umeanza kutembea, mlinzi akaja kumwita, maana simu za mkononi haziruhusiwi kule ndani na wifi alikuwa amepiga simu ya getini. Aliipokea amesimama kando ya dirisha la mlinzi, glavu moja bado iko mkononi. Wifi akamwambia kwamba kaka ametutoka. Kuhusu siku hiyo dada aliniambia jambo moja tu: kwamba maziwa aliyoyapiga muhuri asubuhi ile yalikuwa na siku nyingi za kuishi kuliko mume wake, na kwamba meneja aliyemnyima ruhusa alikuwa akiyatia kwenye chai.

Mimba ilijulikana msibani, kwa kuwa koti la kiwanda halivaliwi msibani. Wifi alimtazama tumbo, akatazama vidole vyake mwenyewe, akahesabu. Nilimwona kwa macho yangu haya. Hesabu ikakubali, akanyamaza, ila alinyamaza kama mtu aliyeahirisha shughuli. Mwezi wa pili mtoto akazaliwa, wa kike, mdogo kama nukta, tukamwita Kidoti.

Muhuri akamlea peke yake katika vyumba viwili vya kupanga. Walikuja wachumba, mmoja hata alikuwa na pikipiki, akawarudisha wote. Alisema yeye ana mume, ila amekufa. Mimi nilimwona mjinga kwa ile pikipiki, na nilimwambia, naye akacheka. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu mwaka huu hakikusikika sana.

Kwa miaka yote hiyo kaburi lilikuwa na kibao cha mbao tu. Muhuri alitaka kuweka jiwe, lakini kaka wa marehemu anayeishi ng'ambo, ambaye ukoo mzima unamwita Wa Ng'ambo utadhani sisi wengine tunaishi kisimani, alisema heshima hiyo aachiwe yeye. Akaachiwa. Mwaka huu ndipo alipokumbuka, wakati Kidoti ameshaingia darasa la pili na anasoma kila chenye herufi, kuanzia kuta za watu hadi karatasi za sabuni. Wifi ndiye aliyepokea maelezo ya kaka yake kwa simu, akampelekea fundi, akaenda kulichukua jiwe, akasimamia likipandwa. Muhuri alikuwa zamu. Aliambiwa tu kwamba kazi imekwisha, jiwe ni zuri, aende akaone.

Tulikwenda watatu, siku yake ya mapumziko. Jiwe kweli lilikuwa zuri, jeusi, linang'aa mpaka unajiona pua. Kidoti akachuchumaa, akaanza kusoma kwa sauti yake ya darasani, kidole juu ya kila herufi: jina la baba yake, mwaka aliozaliwa, kisha alifariki, kumi na moja, Machi, na mwaka. Alipomaliza akageuka kumtazama mama yake, kama wanavyogeuka watoto wakitaka kusifiwa.

Muhuri hakumsifu. Aliinama akasoma mwenyewe. Mimi nilikuwa bado sijashtuka. Nilidhani ni kosa kama makosa mengine, fundi kapitiwa na usingizi, mwaka si uko sawa. Ndipo na mimi nikahesabu kama wifi alivyohesabu msibani. Machi mpaka Februari inayofuata. Jiwe lilikuwa linasema kwamba mtu huyu alikufa akazikwa, na baada ya mwaka kasoro siku chache mke wake akamzalia mtoto. Lilikuwa linasema Kidoti si wake. Tena lingeendelea kusimama hapo na kumwambia hivyo kila apitaye, hata sisi wote tukishakufa.

Dada alisimama, akajifuta magoti, akasema twende kwa fundi.

Fundi tunamwita Tindo, kwa jina la kile chuma cha kuchongea mawe. Karakana yake iko nyuma ya kituo cha mafuta, na vumbi jeupe limemganda hadi kwenye kope. Hakubisha. Alifuta simu yake kwenye suruali, akatuonyesha ujumbe aliotumiwa na wifi, kama ulivyotoka kwa Wa Ng'ambo: jina, na chini yake 11/03 na mwaka. Hapa kwetu mwenye kuona 11/03 anasoma tarehe kumi na moja mwezi wa tatu, hata mlevi. Tindo alisoma hivyo. Na kwa kuwa ana fahari ya kazi yake, hakuchonga namba. Alituambia kwamba kaburi si boksi la sabuni, vile vijistari vya mshazari havikai juu ya jiwe, yeye mwezi huuandika kwa jina lake kwa heshima ya marehemu. Zingebaki namba, angalau mtu angeweza kubishana nazo. Heshima ya fundi ndiyo iliyofunga mlango na kutupa ufunguo.

Nilimuuliza kwa nini hakuuliza kwanza. Akaniuliza amuulize nani, na aulize nini; aliyeleta ujumbe ni dada wa marehemu wa tumbo moja, amwambie je, una hakika na siku aliyokufa kaka yako? Na si kwamba wifi hakuliona, fundi akaongeza. Alikuja kulichukua, akalisoma lote, akasema hata maandishi yametulia.

Muhuri alimtaka arudie hayo. Akayarudia. Sikupenda jinsi dada alivyotikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayeweka kitu kabatini.

Kurekebisha kunawezekana, fundi alisema. Atausaga mstari ule, aupige msasa, achonge upya. Ila hagusi jiwe bila neno la aliyeliagiza. Aliwahi kuingia katikati ya ugomvi wa ukoo fulani akapasuliwa kichwa kwa nyundo yake mwenyewe, na alituinamia ili tuone kovu.

Tukampigia Wa Ng'ambo palepale, tumesimama katikati ya mawe. Alipokea kwa furaha, akauliza kama jiwe limependeza. Muhuri akamweleza. Mwanzoni hakuelewa, kwa sababu yeye aliandika sahihi: huko aliko mwezi hutangulia siku, amekaa huko miaka mingi na mkono umeshazoea, kumi na moja ni Novemba, tatu ni siku, jambo liko wazi. Alipoelewa akacheka. Hakucheka kwa ubaya, hilo nampa. Alicheka kama mtu aliyesimuliwa kichekesho. Akasema ni jambo dogo, sote tunajua alikufa lini, na kwamba anakuja likizo karibuni. Tusiguse kitu mpaka afike, tutaliangalia pamoja.

Jambo dogo. Kiwandani kwa dada yangu siku moja ikikosewa juu ya pakiti ambayo jioni iko jalalani, mtu anaandikiwa barua ya onyo. Hapa ni miezi minane imekosewa, juu ya jiwe, na aliyekosea anacheka na kuulizia kama limependeza. Nilipiga teke ndoo ya fundi nikaumia kidole cha mguu, na hiyo nayo nikaihesabu juu ya Wa Ng'ambo.

Huku nyuma jiwe halikungoja likizo ya mtu. Siku moja mteja nisiyemfahamu vizuri alikaa kwenye kiti changu, nikamgawanya nywele, naye akaanza kunimwagia umbea. Je, nimesikia habari za yule mjane wa kiwandani aliyebeba mimba mwaka mzima? Ni mimba ya punda, alisema, maana punda ndiye anayebeba mwaka. Imeandikwa hadi kaburini, asiyeamini akasome. Na mtoto sasa anaitwa mwana wa punda. Alicheka mpaka mabega yakatikisika. Nilimvuta msuko mmoja nyusi zikapanda kwenye paji, nikamuuliza kwa upole kaipata wapi. Akasema kwa wifi mtu, wifi mwenyewe wa huyo mjane, kwenye sherehe fulani, na kwamba alikuwa akiisimulia huku anajishika mbavu. Nilimmaliza upande mmoja wa kichwa, nikamwambia nimechoka, aende. Alitoka mlangoni nusu amesukwa na nusu zimesimama wima, na mpaka leo sijutii.

Nilimwambia Muhuri jioni ileile, akiwa anapiga pasi sare ya mtoto. Aliendelea kupiga pasi rinda lilelile mpaka tukasikia harufu ya kitambaa kuungua. Kesho yake akaomba kikao cha ukoo.

Tulikaa sebuleni kwa mama mkwe wake, kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma. Alikuwapo mama mkwe, alikuwapo mjomba wa marehemu, ambaye ndiye msemaji wao, alikuwapo wifi aliyekuja kwa basi la asubuhi, na Wa Ng'ambo alikuwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai, uso wake unakatikakatika. Muhuri alisema haja yake kwa maneno machache: jiwe linasema uongo, uongo huo unamvua mtoto baba, lirekebishwe wiki hii. Wifi akasema yeye alilichukua kwa haraka, hata maandishi hakuyaangalia. Kisha akaongeza, akitazama kucha zake, kwamba mtu asiye na wasiwasi na nafsi yake, haraka yote hii ni ya nini? Nilisimama. Dada akanivuta gauni nikakaa.

Mjomba ni msuluhishi. Kila ugomvi anaukata katikati kama mkate, hata kama mkate wenyewe ni wa mtu mmoja. Akapendekeza fundi asage lile neno Machi na kuweka namba tupu. Wa Ng'ambo akasema vyema, iwe 11/03. Mimi nikasema iwe 3/11. Wa Ng'ambo akasema hiyo kwake ni Machi. Nikamwambia kaburi haliko kwake. Mjomba akainua mikono yote miwili, akasema hapo hasa ndipo penye uzuri wake: zikiwa namba, kila mtu atasoma kwa namna aliyozoea, na hakutakuwa na maneno.

"Sitaki," Muhuri alisema. "Mwanangu hatakuwa na baba wa kila mtu kujisomea apendavyo."

Mama mkwe, ambaye kwa haki ni mama mwema na alikuwa kimya muda wote, akamshika mkono. Alitaka kumtuliza. Akamwambia yeye hana neno, mjukuu ni mjukuu, na tangu zamani kitanda hakizai haramu. Alisema kwa mapenzi kabisa, na mapenzi hayo yalimchoma dada yangu kuliko sumu ya wifi, kwa sababu mtu asiye na kosa haambiwi methali hiyo. Muhuri akautoa mkono wake taratibu, akamwambia mama, sikuja kusamehewa.

Mjomba akaona kikao kinamponyoka. Basi akakimbilia busara, kama wafanyavyo watu walioishiwa na akili. Akasema ya nyumbani huishia nyumbani, tusianike nguo za ndani barabarani, tusameheane, funika kombe mwanaharamu apite.

Wa Ng'ambo kule kwenye chupa ya chai aliganda, na safari hii haikuwa mtandao.

"Mwanaharamu yupi, mjomba?" Muhuri aliuliza.

Mzee wa watu akasema ni msemo tu, watu wote husema, hakumaanisha mtu. Jasho likamtoka. Akamsihi dada atulie, akamkumbusha kwamba hasira hasara.

"Hasara mmeshanipa," alisema. "Hasira niachieni."

Kikao kikaisha hivyo, pasipo uamuzi, isipokuwa kwamba Wa Ng'ambo asubiriwe. Wifi alimsindikiza mjomba mpaka kituoni akimshikia mwavuli.

Kabla Wa Ng'ambo hajafika, Kidoti alirudi kutoka shule sare ina vumbi begani, akasimama mlangoni na begi lake mgongoni. Aliuliza kwa nini wenzake wanamwita mwana wa punda. Halafu, kabla hajajibiwa, akauliza kama ni kwa sababu ya masikio yake, na akayashika yote mawili ayapime. Muhuri alimvua begi, akamwambia masikio yake ni mazuri, ni ya baba yake. Akampa chakula, akamkalisha. Kisha akavuka barabara akaja kwenye chumba changu, akafunga mlango na wateja wamo ndani, akasimama mbele ya kioo. Alisema alikuwa amewangoja watu watende haki kwa hiari yao, na sasa amechoka kungoja. Sikuwahi kumwona amekasirika hivyo, na nakwambia ukweli, nilifurahi.

Wa Ng'ambo akaja, na masanduku yake na miwani myeusi, mnene kuliko alivyo kwenye simu, mpole, anayesalimia hadi watoto kwa mikono miwili. Ni vigumu kumchukia mtu wa namna hiyo, lakini nilijitahidi. Jumapili mchana ukoo ukaenda makaburini kuliona jiwe. Alisimama mbele yake akalisoma. Kusoma kulikuwa tofauti na kuambiwa. Uso ulimbadilika, akavua miwani, akamtazama Kidoti, akalisoma tena. Nikadhani sasa atasema lile neno moja tulilolingoja. Badala yake akamgeukia mjomba akaanza kumweleza upya jinsi mwezi unavyotangulia siku kule kwao, akichora namba hewani kwa kidole, naye mjomba akitikisa kichwa kama mwanafunzi.

Alikuwa bado anachora hewani Muhuri alipofungua mkoba wake akatoa nyundo na tindo. Fundi alikataa kuligusa jiwe, lakini vyombo hakukataa kuazima. Dada akapiga magoti, akaweka ncha ya chuma juu ya neno Machi, akagonga.

Kelele ikawa kubwa. Mjomba alisema maiti aachwe apumzike. Wa Ng'ambo alimshika dada bega, nikamwambia autoe mkono huo kama bado ana kazi nao, akautoa. Muhuri hana ustadi wa mawe. Chuma kiliteleza mara kadhaa, kikamchubua kidole, damu ikachanganyika na vumbi, naye hakuacha. Jiwe jeusi likageuka jeupe pale alipogonga. Herufi zikaenda moja moja, kisha ile kumi na moja, mwaka tu akauacha, mpaka katikati ya jiwe zuri pakabaki shimo baya lenye makovu, na yeye kifua kinapanda na kushuka.

Wifi ndiye aliyemfokea kwamba ameharibu kaburi la kaka yake.

Muhuri akainuka. Alitia mkono mfukoni akatoa kipande cha chaki ya Kidoti, akamnyooshea.

"Andika wewe, wifi," alisema. "Siku uliyonipigia simu getini. Wewe ndiye uliyekuwa naye, wewe ndiye uliyemfumba macho. Andika alikufa lini. Mtoto anasoma."

Kidoti alikuwa amesimama kando ya bibi yake, amemshika vazi. Wifi aliitazama chaki. Akamtazama kaka yake, akamtazama mjomba, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue mzee yule hakuwa na methali. Ndipo mama mkwe, bila kuinua sauti, akamwambia binti yake aandike.

Nilitaka akatae. Nilikuwa nimeshajifunga kibwebwe, nina maneno yake yote nimeyapanga. Lakini aliichukua. Alichuchumaa pale alipokuwa amepiga magoti Muhuri, akaweka mkono kwenye lile shimo la jiwe, na ukakaa hapo muda bila kuandika. Akaandika tatu. Akasimamisha mkono, akajifuta uso, ukapakaa chaki. Akaandika Novemba, herufi zinapanda upande kama watu wanaokimbia mafuriko, na alipofika kwenye ya mwisho alikuwa analia kwa sauti, analilia kaka yake kama siku ile ya kwanza. Hakuwa amesahau chochote. Wengine waliingiwa na huruma, nikawaona. Mimi sikumhurumia. Alikuwa na nafasi ya kulia siku aliyolisoma jiwe kwa fundi akasema maandishi yametulia.

Wa Ng'ambo alimpa fundi neno lake palepale kwa simu, mbele yetu. Tindo alifika na vyombo vyake jua likiwa bado kali, maana Muhuri hakutaka chaki ile ilale hata usiku mmoja, mvua isije ikaifuta au mtu akapata wazo. Fundi alilitazama lile shimo, akasikitikia kazi yake. Akauliza kama azinyooshe zile herufi kidogo, zikae kwa heshima. Dada akamwambia hapana. Achonge juu ya chaki hivyo hivyo, asiongeze, asipunguze.

Basi ndivyo lilivyo sasa. Juu kuna jina, kwa herufi za Tindo zilizosimama kama askari, na chini yake, ndani ya kovu, mwandiko wa wifi unaopanda upande. Mjomba anausimulia mkasa huo kama mojawapo ya suluhu zake. Wa Ng'ambo alirudi kwake, na kila ujumbe anaotuma siku hizi anauandika mwezi kwa jina lake, hata anapotaka kusema atapiga simu kesho. Wifi ametuma salamu. Ametuma tena. Muhuri hajazijibu, na watu wanaomwambia kwamba yamekwisha anawaambia waende wakamwambie mtoto aliyeyashika masikio yake mlangoni. Anaamka, anavaa buti zake, anapanga tarehe.

Juzi tulikwenda tena makaburini, sisi watatu. Kidoti alichuchumaa, akapitisha kidole ndani ya zile herufi moja baada ya nyingine, akakunja pua. Akasema shangazi ana mwandiko mbaya.

"Mbaya sana," Muhuri alisema. "Soma."

Akasoma.

"Soma tena," mama yake akamwambia. "Kwa sauti, wanaopita wasikie."